Siku Treni Ilipowahi

Karibu kila mtu Kigoma ana kisa cha treni iliyomchelewesha. Kuna aliyekuta baba yake ameshazikwa, kuna aliyefika harusini watu wanakunja majamvi. Mimi nadhani niko peke yangu niliyeponzwa na treni iliyowahi. Nikilisema hilo watu hucheka, na mimi nawaacha wacheke, kwa sababu mtu akishacheka haulizi tena.

Mdogo wangu wa kike aliolewa na mtumishi wa serikali aliyeletwa huku kikazi. Kwao ni Lushoto, kule milimani Tanga, ambako nasikia asubuhi watu wanatoka na ukungu mdomoni. Walipanga nyumba Katubuka, wakapata mtoto wa kike. Mtoto akiwa bado ananyonya, mama yake akashikwa na homa, akalazwa, na hakurudi. Siandiki zaidi ya hapo juu ya ugonjwa ule. Nimejaribu mara nyingi na kila mara nimeishia kuweka kalamu chini na kwenda kuchambua mchele ambao hata haukuwa na mawe.

Baada ya matanga shemeji akahamishiwa Dodoma. Mwanaume peke yake, mtoto hata kutambaa hajui, angefanya nini? Alikuja Ujiji kwa mama yangu, ambako na mimi naishi tangu ndoa yangu ilipovunjika kwa kukosa mtoto, akatushika mikono wote wawili, akasema, "Kaeni naye kwanza." Hilo neno "kwanza" nililisikia vizuri kabisa. Nilijifanya sikulisikia.

Basi tukakaa naye. Mchana nauza mawese sokoni, yeye ananisubiri kwa bibi yake. Jioni akisikia viatu vyangu uani anakuja mbio na kunishika mapaja kwa mikono yenye unga wa muhogo. Aliniita mama mkubwa, kama inavyompasa mtoto kumwita dada wa mama yake. Lakini alipokuwa na usingizi alikuwa anasahau hilo la "mkubwa", na mimi sikumkumbusha.

Nyumba yetu haiko mbali na ziwa, na mtoto wa Ujiji anajua maji kabla hajajua kuhesabu. Wanawake tunashuka na mabeseni kufua na kuosha vyombo, watoto wanatangulia mbele wakipiga kelele. Wakifika wanavua nguo, wanaingia majini na chupi zao, wanaogelea huku sisi tunasugua. Hakuna anayewatazama zaidi ya kuhakikisha hawaendi mbali. Alasiri mtoto huyo huyo anakwenda chuoni kujifunza Kurani, amefungwa ushungi mweupe mpaka kwenye nyusi, anatembea taratibu utadhani yeye ndiye mwalimu. Hatukuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Ziwani ni ziwani, chuoni ni chuoni.

Isitoshe, mama yangu ana utaratibu wake. Yeye ni wa Ilagala, huko mto Malagarasi unakoingilia ziwani, na aliupata kwa mama yake. Mtoto wa kike anaoga ziwani vyovyote vile mpaka siku atakapong'oka jino la kwanza. Siku hiyo bibi anachukua kanga, anaikata, anapinda ukingo kwa sindano, anakwenda naye majini na kumfundisha kuifunga: inapita chini ya makwapa, inakatizwa mbele, inafungwa nyuma ya shingo. Tangu hapo anaoga na kanga yake. Halafu nyumbani unapikwa wali wa nazi, hata kama si sikukuu. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba alikuwa amekosea jana. Anaambiwa amekua.

Mimi nilipopewa yangu niliringa wiki nzima. Nilikuwa nawazunguka wenzangu wenye meno yao yote, nikiivuta kanga yangu begani kama bibi harusi. Mdogo wangu alilia sana siku hiyo kwa wivu, akajaribu kuling'oa jino lake kwa uzi, mama akamchapa. Yake ilipofika wakati, alipewa kipande cha kanga ya njano, chenye maandishi yaliyokatwa nusu hayasomeki. Alipofariki nilikiweka kwenye sanduku la bati la mama. Nilikuwa nakitunza kwa ajili ya mwanawe, na mwanawe alijua. Alikuwa anakuja mara kwa mara na kidole mdomoni, anasukuma jino la mbele, anauliza, "Mama mkubwa, linacheza?" Lilikuwa imara kama jiwe. Hakuwa amefika hata miaka mitano.

Ndipo shemeji akapiga simu kwamba anakuja kumwona mtoto, yeye na dada yake mkubwa ambaye sasa anakaa naye Dodoma. Nilijua wanakuja kuona zaidi ya mtoto. Wanakuja kuona anavyolelewa. Na mimi nilikuwa na ombi langu, nimelipanga neno kwa neno huku nikikoroga ugali: nitamwomba shemeji atuachie mtoto asome hapa hapa Ujiji mpaka amalize shule ya msingi. Baba ataendelea kuwa baba, likizo zitakuwa zake. Lakini alale kwetu. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani, na sikuona kwamba ni kubwa.

Kwa hiyo niliamua kwamba mtoto atapokelewa na baba yake akiwa anang'aa. Siku ya treni, asubuhi, nikakusanya kila nguo yake. Kila moja. Magauni ya kushindia, ushungi wa chuo, sketi, vitambaa vya kichwa, na gauni jeupe la mikunjo nililomnunulia kwa ajili ya siku hiyo, ambalo lilikuwa bado lina harufu ya duka. Hata gauni alilokuwa amelivaa nililivua tulipofika majini nikalitia kwenye beseni. Nilikuwa nimechemsha wanga wa muhogo ili gauni jeupe lisimame.

Sasa mgeni atauliza, treni inaingia asubuhi, wewe asubuhi hiyo hiyo uko ziwani unafua? Mgeni huyo hajui treni yetu. Ikiandikiwa asubuhi, sisi tunapika chakula cha jioni. Watu wa mjini hawaendi stesheni mpaka wasikie honi, na wakiisikia bado wanamalizia chai. Nilikuwa na saa zote za dunia. Nguo zingekauka, ningepiga pasi, ningemsuka mtoto, ningempaka mafuta, na bado tungekaa barazani tukisinzia mpaka waje. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani inachaji.

Treni iliingia kwa saa yake. Watu waliizungumzia kwa mwezi mzima.

Shemeji alipiga simu, haikupokelewa, akachukua bajaji. Walimkuta mama yangu anaparua migebuka, samaki wetu wa ziwani, uani. Akawakaribisha, akawapa maji ya kunywa, na walipouliza mtoto yuko wapi, uso wake ukang'aa. Alikuwa amesubiri siku nyingi mtu wa kumwonyesha. "Wako ziwani. Nendeni mkamwone mwana wenu anavyoogelea," akasema, akawaonyesha njia kwa kisu chenye magamba.

Mimi nilikuwa nimeinama. Niliona viatu kwanza, viatu vyeusi vya kike vya kufunika, kwenye mchanga ambako hatuvai viatu. Nikainua kichwa. Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, ana begi begani, anatafuta kwa macho kati ya vichwa vile vya watoto majini. Mtoto alimwona yeye kwanza. Alikuwa anamjua kwa simu. "Baba!" akapiga kelele, akatoka majini anakimbia, maji yanamwagika, mikono juu, na chupi yake ya bluu ambayo ndiyo nguo pekee ambayo haikuwa imeanikwa.

Baba yake alikuwa ameshafungua mikono. Lakini shangazi alikuwa mbele. Alivua mtandio wake haraka, akamdaka mtoto katikati ya mbio, akamzungushia mara mbili mpaka mikono yake ikabanwa ndani. "Mtoto wa kike huyu!" akasema, si kwa ukali, kwa mshtuko wa kweli. "Jamani, mtoto wa kike, hadharani!"

Mtoto alisimama, kichwa kimetoka juu ya mtandio, anaangalia kushoto na kulia. Akaangalia wenzake waliobaki majini. Kisha akajiangalia. Nimewahi kuona watoto wakichapwa, wakianguka, wakizikiwa mama zao, lakini ule mtazamo wa kujiangalia ndio unaonirudia. Baba yake akaja, akambeba akiwa amefungwa vile vile.

"Karibuni," nikasema, mikono imejaa povu. "Hizo zote zinazokauka ni za kwake." Nikaonyesha mawe na majani, yaliyotandazwa nguo ndogo ndogo kila mahali. Shangazi aliangalia. Nadhani aliona nguo mbichi tu.

Nataka nimtendee haki shangazi yule, maana ni rahisi kumfanya mbaya. Hakuwa mbaya. Alikula kwetu, akamsifia mama migebuka, akaosha sahani yake mwenyewe hata tulipomkatalia. Baada ya chakula tulikaa mkekani, mtoto amevaa gauni jeupe lililokauka nusu, bila pasi, limemganda mgongoni. Shangazi akaanza.

"Mama, nisameheni kwa nitakalosema," akamwambia mama yangu. "Mimi sina dharau na watu wa huku. Ila mtoto wa kike anafundishwa kujisitiri tangu mdogo. Akizoea hivi, baadaye utamrudishaje?"

Mama akamweleza habari ya jino. Alieleza kwa urefu, kwa Kiswahili chake ambacho Kiha kinachungulia kila mahali, akaonyesha kwa mikono kanga inavyopita na inavyofungwa. Alitoa hata kile kipande cha njano sandukuni. "Ego, ndiyo, anajifunika," akasema. "Anajifunika wakati wake ukifika. Huyu bado mwana kabisa."

"Bibi, hiyo ni zamani," shangazi akasema kwa upole. "Mimi nimeishi Dodoma kwenye nyumba za kupanga, familia nane ua mmoja. Nimeona mambo. Wabaya hawasubiri jino."

Hapo alisema kweli. Dunia ina watu wabaya na mimi nawajua kama yeye. Lakini nilikuwa nimeshapanda. Nina hasira za karibu, mama huniambia nimezichukua kwa baba. "Dada," nikasema, "wewe pale ziwani uliona nini? Mimi niliona mtoto anacheza maji. Kama yupo mtu aliyeona kitu kingine, afunikwe macho yeye."

Mama alinikazia jicho. Shemeji akaangalia mkeka. Shangazi hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Niliona mtoto asiye na mama," akasema. "Niliona viumbe vyote pale vina mama zao, na huyu wetu ni yatima. Mwenye mama hata akiwa hana nguo watu wanasema ni mtoto tu. Yatima akiwa hana nguo watu wanasema hana mwenyewe. Sitaki mtu aseme mtoto wa mdogo wangu hana mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kiburi, nimejiandaa kwa dini, nimejiandaa hata kwa dharau ya watu wa mashariki ya nchi kwa watu wa Kigoma. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa pale, nimeinama juu ya beseni, na yeye alitazama ufukwe mzima akaona mtoto hana mama.

Ombi langu nililitoa hata hivyo, siku iliyofuata. Lilitoka limevunjika vunjika, si kama nilivyolipanga. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulioniumiza, maana mtu mkali unaweza kugombana naye. "Mama mkubwa," akasema, akiniita kwa jina analoniita mtoto, "mmenisaidia sana. Mungu awalipe. Lakini nimeona bora aanze chekechea kule. Tutakuwa tunamleta likizo."

"Ni kwa sababu ya lile la ziwani?"

Shangazi yake mtoto, aliyekuwa anapanga begi, ndiye aliyejibu. "Ni pamoja na hilo."

Siku walizokaa hawakutoka. Hawakwenda mjini, hawakwenda sokoni, hata Rusimbi kwa jamaa zetu hawakufika. Shangazi alikuwa na mafua ya safari, amekaa ndani anakunywa chai ya tangawizi. Nalitaja hili kwa sababu baadaye lilikuja kuwa na maana.

Stesheni nilikwenda mimi. Mama alikataa, alisema miguu. Mtoto alikuwa na furaha ya kupanda treni, hajui. Aliniuliza kama nitakaa dirishani au yeye. Nikamwambia akae yeye. Wakati wa kupanda ulipofika, shangazi akafungua mkoba wake mkubwa, akatoa sweta jekundu la sufu na soksi ndefu za rangi hiyo hiyo, akamvalisha pale pale kwenye jua la mchana. Lilimkaa sawasawa, mikono imefika kwenye viganja, wala halikumbana. Jasho likamtoka mtoto puani. Nililiona sweta lile, nikaliona linavyomkaa, lakini nilikuwa nalia na mtu anayelia hapimi nguo.

Nilipofika nyumbani nikaanza kukunja nguo alizoziacha, zile zile nilizozifua, kwa sababu shangazi alisema kule watanunua nyingine. Nikiwa na gauni mkononi ndipo akili iliponijia. Hakuna aliyekwenda dukani siku zile. Sweta lilitoka Dodoma. Lilinunuliwa kabla hawajapanda treni, na mtu haji Ujiji na joto letu amebeba sweta la mtoto anayekwenda kumwona tu na kumwacha. Walikuja kumchukua. Lile la ziwani liliwapa tu cha kusema.

Nilimweleza mama. Alikuwa ameshaanza kujilaumu, kutwa anarudia kwamba yeye ndiye aliyewaelekeza, kwamba angewaambia wasubiri, kwamba alinyoosha kisu badala ya kufunga mdomo. "Ego," akasema nilipomaliza, "sweta. Lakini mimi ndiye niliyewaelekeza." Sikuweza kumtoa hapo, na bado sijaweza.

Na mimi? Mimi nilijua habari ya sweta, lakini watu walipouliza mtoto yuko wapi niliwaambia treni iliwahi. Ilikuwa rahisi zaidi kuilaumu treni. Kumlaumu baba kwa kumtaka mwanawe, hilo ningelisemaje mbele za watu?

Walikuwa wanapiga simu ya picha, mwanzoni kila Ijumaa. Mtoto alikuwa anakua kwenye kioo kile cha kiganja. Alianza kusema kama watu wa kule, akaanza kuniamkia "shikamoo" kabla ya kusema lolote, vizuri sana, mikono mapajani. Alivaa mikono mirefu, suruali za kubana chini ya gauni, ushungi hata akiwa ndani. Siku moja alikuwa anacheza huku anaongea nami, akainua mguu juu ya kiti, gauni likapanda kidogo kufika gotini. Mkono ukaingia kwenye picha kutoka pembeni, sikuona mwenye mkono, ukalivuta gauni chini, ukatoka. Mtoto hata hakugeuka. Aliendelea kunieleza habari za mwalimu wake.

Alirudi likizo anakaribia kumaliza darasa la kwanza, yeye na baba yake. Treni safari hiyo ilijua kuchelewa. Nilishinda stesheni mpaka kivuli changu kikaisha, nikaitukana kimoyomoyo kwamba leo ndiyo umekumbuka kazi yako. Akashuka. Amerefuka, ana gauni linaloburuza, soksi, viatu vya kufunika. Akanipa shikamoo. Nilipomkumbatia alikaa mgumu kidogo, halafu akalegea. Na alipocheka niliona pengo mbele. Jino lilikuwa limeng'oka Dodoma, bila sisi.

Mama sasa hawezi kuteremka ziwani. Alimshika mtoto kidevu, akamfunua mdomo, akalitazama lile pengo kwa muda mrefu kama anayetazama kisima. "Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kiha. Kisha akanipa ufunguo wa sanduku. "Nenda naye wewe."

Tulikwenda asubuhi iliyofuata, mimi na yeye tu, kipande cha njano kiko mkononi mwangu. Njiani nilimweleza ni cha mama yake, na mama yake alivyojaribu kuling'oa jino kwa uzi. Alicheka kwa hilo. Tulipofika, hakukuwa na watu upande ule. Wanawake walikuwa wameshafua wakaondoka. Nikamwonyesha kanga inavyofungwa. Alisimama vizuri, akainua mikono, akaniacha nimfunge juu ya gauni, juu ya suruali, juu ya kila kitu. Nilipomwambia sasa tuvue la ndani uingie majini, alirudi nyuma hatua moja, akatikisa kichwa. Sikumlazimisha. Nikaifungua kanga, tukakaa juu ya jiwe la kufulia. Akavuta gauni likafunika magoti, likafunika na soksi, akalikandamiza pindo chini ya viatu ili upepo usilipate.

"Mama mkubwa."

"Naam, mwanangu."

"Ni kweli siku ile baba alipokuja nilikuwa uchi?"

"Ulikuwa unacheza maji."

"Shangazi alisema ndiyo maana nilichukuliwa." Alisema bila kunilaumu na bila kumlaumu shangazi, kama anavyosema mtoto jambo alilolijua siku nyingi. "Ningekuwa nimevaa gauni, ningebaki na nyie?"

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni ni treni. Nilikuwa nimeizoea. Kisha nikamtazama, mdogo vile, amejikunja kwenye jiwe, na nikaelewa kwamba miaka ile yote, mama yangu akijilaumu kwa kisu chake na mimi nikiilaumu treni, huyu naye huko Dodoma alikuwa amebeba kesi hiyo hiyo, na kwake mwenye kosa alikuwa ni yeye. Alifukuzwa nyumbani kwa sababu ya mwili wake. Ndivyo alivyoelewa.

"Hapana," nikamwambia. "Unalikumbuka sweta?"

"Lile jekundu?"

"Walikuja nalo. Lilikuwa mkobani kabla hawajakuona. Hata ungekuwa umevaa magauni yako yote siku ile, baba yako angekuchukua. Alikuwa anakutaka."

Nilijua nimemwondolea jambo moja na kumpa jingine, kwamba watu wazima walishaamua na hakuna aliyemuuliza. Sikujua lipi ni zito zaidi kwa mtoto wa umri ule. Mashua moja ya dagaa ilikuwa imefungwa karibu, inagongagonga taratibu.

"Lilikuwa linawasha," akasema mwishowe. "Hapa shingoni. Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema nitazoea."

Akainama, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri, moja ndani ya kila kiatu. Akashuka kwenye jiwe, akatembea juu ya mchanga kwa ncha za vidole, akaingia mpaka maji yakafunika nyayo. Nilimwona mgongo ukilegea. Alishika gauni kwa mikono miwili, akaliinua kidogo, likafika juu tu ya vifundo vya miguu, na hapo akageuka kuangalia kama kuna mtu anayemwona. Kulikuwa na mimi tu, na kanga ya mama yake mapajani mwangu.

Akalishusha.